Kununua nyumba yenye deni la benki: Vizingiti vinavyomsubiri mnunuzi Kitengela na Kajiado

Bango la nyumba inayouzwa ni kitu cha kawaida kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Noonkopir katikati mwa Kitengela hadi Kisaju na Isinya. Hata hivyo, si kila nyumba inayotangazwa hapo ambayo mwenyewe ana hatimiliki mkononi. Baadhi ya hati zimefungiwa katika kabati la benki. Mwenye nyumba amelemewa na mkopo, riba inazidi kupanda kila mwezi, na bei anayoweza kupata sokoni haitoshi kulipa deni lote. Anachotafuta ni mnunuzi atakayetoa kiasi ambacho benki itakikubali, ili nyumba isifike mikononi mwa madalali.

Kwa mnunuzi, nyumba ya namna hiyo huwa na mvuto wake. Bei huwa chini ya ile ya majirani, mwenyewe yuko tayari kujadiliana, na hakuna purukushani za mnada. Lakini unafuu huo una masharti yake. Mauzo ya kawaida huhitaji watu wawili kuafikiana. Haya huhitaji watatu, na yule wa tatu, ambaye ni benki, hana haraka na wala hajali iwapo mnunuzi ameshahamisha watoto shule.

Nchini Marekani mauzo ya chini ya deni yalienea mno baada ya soko la nyumba kuporomoka mwaka 2008. Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango maalumu mwezi Aprili 2010, uliodumu hadi mwisho wa mwaka 2016, ambao uliwezesha mwenye nyumba kuuza kwa bei pungufu na mkopeshaji kusamehe kiasi kilichosalia. Kenya haina mpango wala sheria ya aina hiyo. Kinachofanyika Kitengela ni mkataba wa kawaida wa kuuza ardhi, unaosimama juu ya barua ya ridhaa kutoka kwa benki.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, rehani ni dhamana tu. Haimhamishii mkopeshaji umiliki. Kwa hiyo mkopaji angali ndiye mwenye nyumba na ana haki ya kuiuza, ila hawezi kumkabidhi mnunuzi hatimiliki safi mpaka benki itie sahihi hati ya kuondoa rehani. Benki nayo inashikilia hati, lakini si muuzaji. Mnunuzi anajikuta akizungumza na mtu aliye na nyumba bila hati, na taasisi iliyo na hati bila nyumba.

Historia ya eneo hili imechangia kuwapo kwa dhamana nyingi za ardhi. Mashamba ya Kitengela yalikuwa sehemu ya ranchi ya kikundi cha Wamaasai iliyoanza kugawanywa kwa wanachama mnamo mwaka 1988. Baadaye yalikatwa tena na tena kuwa ploti ndogo, hasa baada ya eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje kuanzishwa Athi River mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafanyakazi na wafanyabiashara wa Nairobi walinunua, wakajenga, na wengi wao wakachukulia hatimiliki hizo mikopo.

Ni vyema kuelewa kwamba mikopo hiyo si lazima iwe ya nyumba. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika mabenki. Nyumba nyingi zinazonadiwa ziliwekwa rehani kwa ajili ya biashara: duka la jumla, lori la kusafirisha mchanga, zabuni ya serikali ambayo malipo yake yalichelewa. Benki Kuu ya Kenya ilipopandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 mwezi Februari 2024, wakopaji wa aina hii ndio waliobanwa zaidi, na mwaka huo zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki ilikuwa imekwama.

Hali hiyo humletea mnunuzi kizingiti cha kwanza, nacho ni kujua deni halisi. Mwenye nyumba anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba amebakisha shilingi milioni 4. Lakini hati za rehani za mabenki mengi huandikwa ili kulinda madeni yote ya mteja huyo, pamoja na yale aliyoyadhamini kwa niaba ya mwingine. Kumbe mkopo wa nyumba ni milioni 4 na mkopo wa biashara ya shemeji ni milioni 5, na ploti hiyo moja imebeba yote mawili. Kauli ya mdomo haifai. Kinachohitajika ni taarifa ya maandishi ya benki, inayoonyesha kiasi kinachotakiwa hadi tarehe fulani, riba ya kila siku baada ya tarehe hiyo, na gharama za mawakili na madalali zilizokwisha kuongezwa.

Kizingiti cha pili ni saa ya sheria, ambayo haisimami wakati watu wanajadiliana. Mkopaji akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa ilani ya miezi mitatu kurekebisha hali. Ikipita, hutolewa ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 ya nia ya kuuza. Kisha dalali, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1997 zinazoongoza kazi hiyo, hutoa ilani ya siku 45 ya kukomboa mali, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Kwa jumla mwenye nyumba huwa na zaidi ya nusu mwaka, na katika kipindi hicho ndipo hutafuta mnunuzi wa faragha.

Tatizo ni kwamba watu wengi huanza kutafuta mnunuzi wakati tangazo la mnada limeshachapishwa. Mnunuzi anayeonyeshwa nyumba wakati huo hana miezi sita. Pengine ana wiki mbili. Asipouliza ni ilani ipi iliyotolewa na lini, anaweza kulipa wakili, mthamini na mpima ardhi, kisha asikie nyumba imeuzwa kwa mwingine asubuhi moja katika mnada uliofanyika nje ya lango. Nyundo ya dalali ikishagonga, haki ya mkopaji ya kukomboa mali yake hukoma, na mkataba wa faragha ambao haujakamilika hauwezi kumshinda aliyenunua mnadani.

Kinga yake ni barua ya benki, kabla ya fedha yoyote kutoka mfukoni, inayosema mambo matatu waziwazi: kwamba inakubali nyumba iuzwe kwa bei iliyotajwa, kwamba itaondoa rehani ikipokea bei hiyo, na kwamba imesitisha mnada kwa siku zilizotajwa. Barua inayosema benki “haina pingamizi” kuhusu mteja kutafuta mnunuzi haina uzito huo. Wapo wanunuzi waliodhani wameshapewa ridhaa kumbe wamepewa ruhusa ya kuendelea kuzungumza.

Kwa nini basi benki ikubali hasara? Chukua mfano wa nyumba ambayo thamani yake sokoni ni shilingi milioni 8, ilhali deni limefika milioni 9. Mthamini wa benki hukadiria pia bei ya mauzo ya lazima, ambayo mara nyingi huwa kama robo tatu ya bei ya soko, yaani milioni 6 hapa. Akitokea mnunuzi mwenye milioni 7.2, benki inalinganisha fedha hizo na milioni 6 za mnada, zikitolewa ada ya dalali, gharama za kesi ambayo mkopaji anaweza kuifungua, na miezi ya kusubiri. Kwa hesabu hiyo, milioni 7.2 ni afadhali.

Lakini ipo milioni 1.8 iliyobaki, nayo ndiyo huvunja makubaliano mengi. Kinyume na mpango ule wa Marekani, benki ya Kenya hailazimiki kuisamehe. Inaweza kumtaka mkopaji atie sahihi mkataba mpya wa kulipa polepole, au alete dhamana nyingine. Mwenye nyumba anayeona kwamba atapoteza makao na bado adaiwe hupunguza ari ya kushirikiana. Hapo ndipo baadhi huanza kuomba “kitu kidogo” pembeni, mnunuzi atoe laki tatu au nne nje ya mkataba ili muuzaji aondoke kwa amani.

Ombi hilo linafaa kukataliwa hata kama muuzaji anasikitisha. Benki imekubali hasara kwa kuamini kwamba bei iliyo katika mkataba ndiyo bei nzima. Fedha za pembeni ni udanganyifu dhidi yake, na zikigunduliwa, benki ina sababu ya kurudi nyuma. Zaidi ya hayo hazina risiti wala shahidi. Ikiwa muuzaji anahitaji fedha za kuhama, ziandikwe katika mkataba na benki izione.

Suala la amana ndilo linalowaumiza watu zaidi. Kwa kawaida mnunuzi wa ardhi Kenya hutoa asilimia 10 ya bei mkataba unapotiwa sahihi, na masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili yanatoa siku 90 za kukamilisha. Katika mauzo ya kawaida si hatari kubwa amana hiyo ikifika kwa muuzaji mapema. Katika mauzo ya chini ya deni ni hatari tupu. Mtu anayedaiwa na benki mara nyingi anadaiwa pia karo, kodi na chama cha akiba. Shilingi 720,000 zikiingia katika akaunti yake leo, kesho hazipo. Benki ikikataa bei, mnunuzi anabaki na hukumu ya mahakama dhidi ya mtu asiye na kitu.

Amana inapaswa kukaa katika akaunti ya wakili kama mtunzaji wa pande zote mbili, ikiwa na sharti la kurudishwa yote benki isipotoa ridhaa kufikia tarehe fulani. Salio nalo huenda benki moja kwa moja, wakili wa benki akiwa ametoa ahadi ya maandishi kwamba akilipwa ataachilia hatimiliki na hati ya kuondoa rehani. Ahadi ya wakili ina nguvu kwa sababu mahakama inaweza kumlazimisha aitimize kwa njia ya haraka. Mnunuzi anayetumia wakili mmoja na muuzaji ili kuokoa ada anajinyima ulinzi huo.

Mabroka wa Kitengela hawapendi utaratibu huu. Huwa mrefu, na ushuru wao huchelewa. Wengi wao hawajasajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba kama sheria inavyotaka, na msemo wao wa “kuna mtu mwingine anakuja na pesa Ijumaa” umewafanya watu kulipa amana ya kushikilia nyumba ambayo hata benki haijui kwamba inauzwa. Makubaliano ya ardhi yasiyo ya maandishi, yasiyotiwa sahihi na pande zote mbele ya shahidi, hayawezi kutetewa mahakamani.

Ipo tofauti nyingine ambayo wengi hawaielewi, hata baadhi ya wanaojiona wajuzi. Watu hudhani kununua kwa mwenyewe ni salama kuliko kununua mnadani. Kwa upande mmoja ni kweli, kwani mnada hudai asilimia 25 papo hapo na nyumba huchukuliwa ilivyo. Lakini benki inapouza kwa mamlaka yake ya kisheria, Sheria ya Ardhi humkinga mnunuzi asiye na hila. Mkopaji aliyedhulumiwa huachiwa haki ya kuidai benki fidia, na madeni yaliyosajiliwa baada ya rehani ile hayamfuati mnunuzi. Anayenunua kwa mwenye nyumba hana kinga hiyo. Rehani ya pili, zuio la mke, amri ya mahakama iliyoombwa na mdai mwingine, vyote hubaki kwenye sajili hadi kila mmoja aridhike. Benki ya kwanza ikikubali hasara, wa pili huenda akapata sifuri, naye hana sababu ya kutia sahihi.

Ndiyo maana upekuzi katika ofisi ya ardhi mjini Kajiado unafaa kufanywa mara mbili: kabla ya mkataba, na tena siku salio linapolipwa. Mtu mwenye madeni huandamwa, na zuio linaweza kuandikwa wakati wowote kati ya siku hizo mbili.

Upekuzi wenyewe hautoshi. Katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, iliyoamuliwa Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hatimiliki haimlindi mnunuzi ikiwa chimbuko lake halikuwa halali. Miezi sita baadaye, mwezi Oktoba 2023, nyumba za watu zilibomolewa katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland huko Mavoko, kaunti jirani ya Machakos, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela. Wanunuzi wa nyumba yenye rehani hujifariji kwamba benki ilishachunguza hati kabla ya kukopesha. Benki ilichunguza kwa manufaa yake, pengine miaka mingi iliyopita, na ikikosea haimfidii aliyekuja baadaye. Kwa ploti zilizotoka katika ranchi za vikundi, ni lazima kufuata mlolongo wote: mwanachama wa kwanza aliyepewa shamba, kila aliyelikata, na kama ramani ya mgawanyo ilisajiliwa. Mpima ardhi athibitishe mawe ya mipaka uwanjani, si kwenye picha ya simu.

Halafu kuna ridhaa za watu. Sehemu kubwa ya ardhi pembezoni mwa mji ingali ya kilimo machoni pa sheria, hivyo mauzo huhitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, kinachopaswa kuombwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 nayo hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila idhini ya mke au mume. Idhini aliyoitoa wakati wa kukopa si idhini ya kuuza. Katika familia iliyosambaratika kwa sababu ya deni, kumpata mwenzi huyo na kumshawishi kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuishawishi benki.

Gharama za serikali hazipunguzwi kwa sababu muuzaji ana shida. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani, na mthamini wa serikali akikadiria nyumba kwa milioni 8, ushuru huhesabiwa kwa milioni hizo 8 hata kama mkataba unasema 7.2. Ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi, ni mzigo wa muuzaji. Aliyeuza kwa hasara huenda asiwe na faida ya kutozwa, lakini lazima aithibitishe kwa stakabadhi za ununuzi na ujenzi, ambazo wengi waliojenga polepole hawakuzitunza. Cheti cha kutodaiwa ada za ardhi na kaunti ya Kajiado nacho hutakiwa kabla ya usajili. Malimbikizo hayo yatajwe mapema nani atayalipa, kwani muuzaji hana, na benki itasema hayaihusu.

Nyumba yenyewe ikaguliwe na mhandisi. Udongo mweusi wa Kitengela hufura mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi uliochimbwa kwa pupa huonekana kwa nyufa za kuta. Mwenye nyumba aliyeshindwa kulipa mkopo hajapaka rangi wala kuziba paa kwa muda. Maji pia yaulizwe: kama ni ya kisima, ni matamu au ya chumvi, na kama ni ya boza, yanagharimu kiasi gani kwa mwezi. Katika mitaa yenye ulinzi wa pamoja, ada za walinzi na taka zilizorundikana huwa za nyumba, na chama cha wakazi humwendea aliye ndani.

Hatimaye ni suala la funguo. Benki hutoa hati, haitoi nyumba. Muuzaji asiyepata chochote kutoka kwa bei anaweza kukawia kuondoka, au kuacha wapangaji waliolipa kodi ya miezi mitatu mbele. Kumwondoa mtu anayekalia ardhi ya binafsi isivyo halali kunahitaji ilani ya maandishi ya miezi mitatu, kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2016, na akienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Kajiado, miezi huongezeka. Njia inayofanya kazi ni kuandika katika mkataba kwamba nyumba ikabidhiwe tupu kabla ya salio kulipwa benki, mawakili wa pande zote wakague siku hiyo hiyo, na orodha ya vitu vinavyobaki, tangi la maji, milango ya ndani, lango na mita ya umeme, itiwe sahihi papo hapo.